Abigaili hakumwambia mumewe, je alikosea? Naomba msaada kabla ya Jumamosi

BintiNewala
Shalom wapendwa. Jumamosi nafundisha kikundi chetu cha akina mama huku Newala, nimechagua Abigaili, Samweli wa kwanza sura ya 25. Sasa juzi nimemwonyesha mzee mmoja wa kanisa nilichoandika akaniambia mwanangu hiyo achana nayo, utawafundisha wake za watu kutoa mali ya nyumba mume hajui. Na kweli mstari wa 19 upo wazi, alitoka kumpelekea Daudi chakula bila kumwambia mumewe Nabali. Na alivyopakia kwenye punda, mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano washatayarishwa, bisi, vishada 100 vya zabibu kavu, mikate ya tini 200, hicho sio kitu cha kufunga kwenye pindo la kanga jamani hiyo ni shehena. Huyu mama nampenda ila sitaki kupotosha mtu. Nyie mnasomaje?

Mkorosho_Tandahimba
Dada usiache. Chukulia ni msimu wa korosho. Kule Karmeli (hii ya Yuda karibu na Maoni, sio mlima wa Eliya) kukata manyoya ya kondoo ilikuwa kama huku mnada umepita na hela zimeingia, na Nabali ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Watu wa Daudi walikaa porini na wachungaji wake hakikupotea kitu, watumishi wenyewe wanasema walikuwa ukuta kwao usiku na mchana. Daudi akatuma vijana 10 na salamu za heshima, wapewe chochote kilichopo, wakajibiwa Daudi ni nani, siku hizi watumwa wanaotoroka mabwana zao wamekuwa wengi. Basi Daudi akashuka na watu 400 wenye panga, ameapa kufika asubuhi hatabaki mwanaume kwenye nyumba ile. Sasa hapo mke akaombe ruhusa kwa nani?

mama_wawili_Lindi
mie naongea kama mtoto wa nyumba ya namna hiyo. Baba yangu akishakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, alikuwa haambiliki, mwaka mmoja tumemaliza kuokota korosho, vibarua wakaja jioni kudai chao akawatukana mpaka mama zao. Mama hakusema neno, akapima mchele kwa kopo, akamtoa jogoo bandani kashalala akamfunga miguu na kamba ya mgomba akanipa mimi nimbebe, mpaka leo nakumbuka joto lake kwenye mbavu zangu. Kufika kwa mkubwa wao mama akapiga goti pale mlangoni akasema kosa ni langu wanangu, nisameheni mie. Kulipokucha akapika uji, baba akanywa akamaliza, ndio akamweleza yote mwanzo mwisho. Mimi hiyo asubuhi ndio iliniogopesha kuliko usiku.

Mtumishi_Masasi
Mama wa Lindi umegusa penyewe. Soma mstari wa 36 na 37, alirudi akamkuta mumewe kwenye karamu kalewa chakari, hakumwambia neno dogo wala kubwa, ila asubuhi divai ilipomtoka alimweleza mwenyewe. Moyo wa Nabali ukafa ndani yake akawa kama jiwe, siku kama kumi hivi zikapita akafa. Kwahiyo mwambie mzee wetu kwa heshima kwamba hakuficha, alingoja mtu apate akili za kusikia. Na pale kwa Daudi alianguka miguuni akasema uovu huo uwe juu yangu, halafu akamwambia Mungu atawarusha adui zako kama jiwe la kombeo, anamwambia nani, yule aliyemwangusha Goliathi! Akamkumbusha pia kwamba siku akiwa mtawala asibaki na damu ya bure moyoni. Daudi mwenyewe akambariki kwa busara yake.

Mwana_Mikindani
Mimi muislamu nimepita tu, kisa hiki sikuwa nakijua. Mtu ana hasira na upanga kiunoni unamsemesha mpaka anageuza njia, mashaallah. Huyo mama baadae iliishia vipi?

BintiNewala
Kaka wa Mikindani, Daudi alipeleka posa akamuoa, akamzalia mtoto anaitwa Kileabu. Mtumishi na mama wa Lindi nimewaelewa sana, kesho narudi kwa mzee na hiyo mistari miwili. Ila usiku huu nimeona kitu kingine, ni kijana wa kazi ndiye aliyekimbia kumwambia Abigaili, akasema bwana wetu mtu hawezi hata kusema naye. Jina lake halikuandikwa. Jumamosi nataka nianzie kwake, huyo kijana alijuaje kwamba mlango wa kugonga ni ule wa mama?