Vyumba vya Makorora

(Kikundi: Ukoo wa Barabara ya 14)

Mwalimu: Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Mpangaji wa vile vyumba viwili vya nyuma Makorora amehama, funguo ninazo mimi. Naomba tusipangishe tena. Tumtengenezee Omari.

Ami Fundi: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Tumtengenezee vipi?

Mwalimu: Akae kwake, ami. Choo ndani, mlango unaopitisha kiti mwendo, na mtu wa kumsaidia asubuhi na jioni.

Shangazi Ngamiani: Akae peke yake??

Shangazi Ngamiani: Huyu nimempokea siku aliyotoka hospitali ya Bombo, mwaka wa tatu huu. Nani kasema nimechoka?

Mwalimu: Hakuna, shangazi. Wewe ndiye uliyemfanya awe hai mpaka leo.

Shangazi Ngamiani: Basi mwacheni. Barabara nzima itasema tumemtoa ndani tukampeleka kwa wapangaji.

Mama Mdogo Pongwe: Wifi, tumsikilize kwanza mwenyewe. Omari yumo humu, ujumbe anauona.

Seif: Shikamooni. Mimi ndiye ninayembeba kwenda chooni, niseme kidogo. Choo kiko uani, ngazi tatu za kushuka. Masika yaliyopita niliteleza naye mgongoni. Nikaangukia goti, yeye akashikilia nguzo. Hatukusema kwa sababu hakuumia. Lakini tangu siku ile mvua ikinyesha moyo unanienda mbio.

Shangazi Ngamiani: Hamkuniambia!

Seif: Samahani mama.

Mwalimu: Ndiyo maana nasema nyumba kwanza. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu. Ibara ya 19 ya mkataba inasema mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, kama mtu mwingine yeyote, na apate msaada pale anapoishi.

Shangazi Ngamiani: Sheria haimpikii mtu uji, mwanangu.

Dada Perth: Shikamoo mama. Shikamooni wote. Huku ni usiku, ndiyo kwanza natoka kazini. Naomba niwaeleze kazi yangu, maana nadhani sijawahi kuieleza vizuri.

Dada Perth: Nahudumia nyumba za watu wenye ulemavu mkubwa. Kuna mpango wa serikali ya huku Australia kwa wenye ulemavu, NDIS, ulianzishwa kwa sheria ya 2013. Fedha za nyumba zina fungu lake, fedha za msaidizi zina fungu lake. Nyumba imejengwa na milango mipana, bafu lisilo na kizingiti, na kwa wengine mashine ya kunyanyulia mtu iko darini. Mkazi anachangia kodi robo ya pensheni yake ya ulemavu, na ile posho ya kodi kama anaipata. Mimi msaidizi naingia kwa zamu. Asiponitaka, anatafuta mwingine na nyumba inabaki yake.

Dada Perth: Si kila mtu anapata. Nyumba hizo ni za wenye mahitaji makubwa sana tu, na wengine husubiri mno. Lakini mama, kila siku nabisha hodi kwenye mlango wa mtu, nasubiri aseme karibu. Huyo mtu hawezi hata kuinua kikombe. Ila mlango ni wake.

Mama Mdogo Pongwe: Hapo pa hodi pamenigusa.

Shangazi Ngamiani: Huko serikali inalipa. Hapa nani atalipa?

Ami Fundi: Hilo ni la hesabu, tutalifikia. Omari, babangu, mbona kimya?

Omari: Shikamoo ami. Shikamoo shangazi. Nilikuwa naandika, nafuta.

Omari: Shangazi, hujawahi kuninunia hata siku moja. Usiku wa manane nikiita unaamka na taa. Kwa hiyo nisikilize kama mwanao. Mimi nikishaswali alasiri sinywi tena maji. Chai ya magharibi unayoniletea namwagia ule mti wa mkungu dirishani. Sitaki Seif atoke usingizini anibebe, sitaki uamke wewe na mgongo wako. Yale maambukizi ya mkojo yaliyonirudisha hospitali mara mbili, daktari aliniuliza kama nakunywa maji. Nikamwambia nakunywa.

Omari: Na kidonda cha kulalia kilianza hivyohivyo. Nilipaswa kugeuzwa usiku, nikawa sisemi.

Omari: Nimekuwa mtu wa kuogopa kiu yangu mwenyewe.

Mama Mdogo Pongwe: Ya Rabi.

Seif: Kaka ungeniamsha tu.

Omari: Najua ungeamka. Ndiyo maana sikukuamsha.

Ami Fundi: Niko Makorora sasa hivi na futi. Nakuja na vipimo.

Ami Fundi: Mlango wa chumba sentimita 76. Wa choo 62. Kiti chako upana gani?

Omari: 66, ami. Na vidole vya mikono vinatokeza nje ya ringi za magurudumu.

Ami Fundi: Basi milango yote inavunjwa, naweka ya 90. Ya choo ifungukie nje, maana ukianguka nyuma yake hakuna wa kuusukuma. Ngazi ni mbili, kimo sentimita 32. Kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Nahitaji karibu mita 4 za rampu. Nafasi ipo, tukikata ule mpapai.

Mama Mdogo Pongwe: Ubao wa kuegesha hautoshi?

Ami Fundi: Hautoshi shemeji. Ukiwa mfupi ni mlima. Atataka mtu wa kumsukuma kila akitoka, na akishuka mwenyewe atapaa. Tunataka aende dukani akitaka, bila kuomba.

Ami Fundi: Chooni naweka cha kukaa, na vishikio vya bomba la chuma ukutani, vifungwe kwenye zege, si kwenye plasta. Sakafu ya kukwaruza. Kiti kiweze kuzunguka, mita moja na nusu kila upande, kwa hiyo ukuta wa stoo nao unaondoka. Swichi zishuke. Kitanda kiwe kimo kimoja na kiti, ahame kwa mikono yake.

Omari: Mikono ninayo, ami. Na bomba moja juu ya kitanda, nijigeuze mwenyewe usiku.

Ami Fundi: Litakuwepo kabla ya rangi.

Mwalimu: Upande wa fedha. Nyumba ile bado ina wapangaji wawili mbele. Kodi ya chumba kimoja tuitenge kwa mshahara wa msaidizi, kila mwezi, isiguswe kwa harusi wala msiba. Ni nyumba ya marehemu baba, na Omari ana haki yake mle.

Seif: Kama Omari ananikubali, kazi hiyo naiomba. Alfajiri na baada ya isha, na simu usiku.

Omari: Nakukubali. Lakini ulipwe. Ukilipwa nitakuita bila aibu.

Mama Mdogo Pongwe: Saruji mifuko mitano juu yangu.

Dada Perth: Milango na choo nalipa mimi. Ami nitumie bei.

Mwalimu: Omari, na ile meza ya kutengeneza simu? Dirisha la pili linatazama barabarani. Pia kuna ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wenye ulemavu. Jumatatu nakwenda kuuliza.

Omari: Meza iwekwe hapo. Huku ndani Ngamiani wateja wanaona haya kuingia chumbani kwa mgonjwa.

Mama Mdogo Pongwe: Wifi umenyamaza.

Mwalimu: Shangazi?

Shangazi Ngamiani: Nilikwenda kutazama ule mkungu.

Shangazi Ngamiani: Miaka yote nasema udongo wa hapa una rutuba.

Omari: Nisamehe shangazi.

Shangazi Ngamiani: Nikusamehe nini. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe vinarudi vitupu, nikafurahi.

Shangazi Ngamiani: Saidi, hicho choo uanze nacho kabla ya kitu kingine chochote. Rampu baadaye, Seif atambeba hizo ngazi mbili wiki moja zaidi.

Ami Fundi: Sawa dada. Jumamosi naanza kuvunja.

Shangazi Ngamiani: Na kitanda kikae dirisha la kusini, apate upepo. Ufunguo ni wake, lakini Ijumaa nakuja na uji, nitabisha hodi.

Omari: Karibu shangazi.

Shangazi Ngamiani: Sasa hivi Seif anakuletea maji. Jagi zima. Kunywa, niko macho.