Mrejesho: rangi iliyokuwa inabanduka kwenye sanamu za milimita 6

Wakubwa, ni mimi tena wa Goma, niliyeuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye vijisanamu vyangu vya wanajeshi wa anga, vyenye urefu wa kama milimita 6. Asanteni sana kwa ushauri. Niliviosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikavisugua kwa mswaki mkuukuu, nikaviacha vikauke hadi asubuhi. Sasa hata nikikwaruza kwa ukucha, rangi haitoki! Na kweli, kama mlivyosema, rangi iliyozimuliwa kwa maji, ikipakwa mikono miwili myepesi, haifuniki vijisehemu vidogo kama bunduki.

Kopo la kupuliza rangi ndilo limenishinda. Nilipulizia uani mvua ikinukia, kumi vikatoka na chengachenga kama vimenyunyiziwa unga.

Kwenye vitako, yaani vibao ambavyo vijisanamu vinasimamia, nimebandika mchanga wa lava, nimeuchekecha kwa kichujio cha chai. Mke wangu bado anakitafuta.