Mrejesho: bima ya kupanda Rwenzori

Wakuu, salaam. Niliwauliza nikate bima ipi kwa safari ya kilele cha Margherita, Uganda, na kama ile ya bei nafuu ingetosha. Nimesharudi, vidole vyote kumi vipo.

Ya bei nafuu niliachana nayo. Mmoja wenu alisema niachane na kipeperushi, nisome sehemu ya yale wasiyolipia. Ukurasa wa 14, maandishi kama sisimizi: mwisho mita 4,000, na marufuku kupanda kwa kamba. Margherita ni mita 5,109, na siku ya kilele unafunga meno ya chuma chini ya viatu na kuungwa kamba moja na kiongozi. Yaani ningekuwa nimelipia bima ya kutembea Kampala!

Nikakata nyingine, karibu mara mbili ya bei, inayofika mita 6,000 na kutaja kamba na barafu. Niliwataka wanithibitishie kwa barua pepe, maana ya kwenye simu huyeyuka.

Mimi sikuugua. Mwenzangu ndiye aliyetapika usiku kucha pale kambi ya Elena, chini ya kilele, kichwa kinamgonga. Alfajiri viongozi wakamshusha kwa miguu. Kwa ukungu ule, helikopta ingetua wapi? Tulipopata mtandao tukapiga namba ya dharura ya bima kabla ya kulipa senti kwa daktari wa Kasese. Wamerejesha baada ya wiki tano, isipokuwa hela ya bodaboda. Risiti ya bodaboda ningeitoa wapi?

Aliyeuliza kuhusu Kilimanjaro: ni mita 5,895, ya 6,000 inakufikisha.