Naomba ushauri: kuzuia maambukizi kwa wanaojitolea kutengeneza njia za msituni

Habari zenu wadau. Naratibu kikundi cha watu wanaojitolea kufyeka na kukarabati njia za watembea kwa miguu msituni. Kazi yenyewe iko nje, hewa ni ya kutosha, hapo sina hofu sana. Kinachonisumbua ni mambo ya pembeni: tunabanana kwenye gari vioo vimefungwa, tunalala hema moja, na kila mkono unaingia kwenye mfuko uleule wa vitafunwa.

Mafua nayamudu. Shida ni kuhara na kutapika. Virusi vya noro, ambavyo huleta hayo, havifi kirahisi kwa vitakasa mikono vyenye alkoholi, vinataka sabuni na maji yanayotiririka, na maji yetu ni ya kubeba mgongoni. Nimefunga dumu lenye koki karibu na choo, lakini wengine wanalipita kama hawalioni, wanawahi sahani.

Tena aliyeugua anatakiwa akae angalau saa 48 baada ya dalili kuisha ndipo arudi. Mtu kajitolea, kaomba na likizo kazini. Namwambiaje asije bila kumvunja moyo? Mzee wetu mmoja huwa mkali kabisa: "Tumbo tu hilo!"

Wenye uzoefu, mnawauliza watu hali zao kabla ya kupanda gari, au kila mtu anajipima mwenyewe? Na mipini ya zana za kupokezana, mnaifuta kila zamu au mnategemea glovu? Mimi glovu naona zinahamisha uchafu tu.