Tangi la maji chumvi la lita 100 hapa Mbeya: samaki gani wakae na matumbawe gani?

NuruYaUyole
Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, fundi wa vioo ameshanikabidhi tangi la lita 100 na nimeamua liwe la maji chumvi. Naona njia tatu. Ya kwanza ni jozi ya samaki klauni na anemoni wao, yule mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma, kama picha zote tunazoziona. Ya pili ni samaki wadogo wanne hivi pamoja na matumbawe laini. Ya tatu ni samaki mmoja tu, pesa yote iende kwenye matumbawe magumu yale ya matawi, Acropora na wenzake. Mwanangu anang'ang'ania samaki kangaja wa bluu, nimemwambia asubiri kwanza niwasikie wazoefu. Baridi yetu mnaijua na umeme wetu mnaujua. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

MzamiajiMafia
Mkuu, kangaja wa bluu mtoe kwenye hesabu leo hii. Anafika sentimita 30 na anaogelea kutwa nzima, lita 100 hazimtoshi hata akiwa bado mdogo. Samaki kipepeo naye muache, wengi wao chakula chao ni matumbawe yenyewe. Bunju atatafuna kamba, konokono na chochote kingine utakachokiweka. Damseli wa bluu wauzaji wanawapenda kuwauzia wanaoanza kwa sababu ni wa bei nafuu na hawafi ovyo, lakini damseli akishajimilikisha kona, mgeni hapati nafasi ya kula.

Njia ya kwanza inawavutia wengi na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa tangi jipya. Anemoni hatulii alipowekwa. Akiona mwanga au mkondo haumfai anatembea, na akifika kwenye pampu ananyonywa na kukatwakatwa. Akifa kwenye maji machache hivyo anachafua kila kitu kwa usiku mmoja. Klauni hawamhitaji ili waishi. Baharini wanamhitaji kwa sababu ya maadui, ndani ya kioo adui hayupo.

Klauni wenyewe wanatofautiana. Huku pwani yetu tunao Amphiprion akallopisos, yule wa rangi ya chungwa iliyofifia mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mwenye mistari miwili ya wima. Allardi ni mkubwa na mkorofi, simpendekezi. Ukimpata Amphiprion ocellaris aliyezalishwa kwenye matangi, chukua huyo: ni mpole, haongezeki sana zaidi ya sentimita 8 au 9, na ameshazoea chakula cha punje. Nunua wawili wadogo wasiolingana ukubwa. Klauni wote huanza wakiwa madume, na yule anayetawala ndiye anayegeuka jike, kwa hiyo ukubwa ukitofautiana tangu mwanzo ugomvi unapungua.

Kihesa77
Kamwene wakuu. Nipo Iringa, kazi yangu ni sola, kwa hiyo nitasemea umeme. Ukiwa na njia tatu mkononi, usiulize kwanza ipi inapendeza. Jiulize ipi itavumilia usiku wa Juni umeme ukikatika saa mbili na kurudi alfajiri.

Matumbawe yanataka maji ya nyuzi 24 hadi 26. Sebule ya Mbeya usiku wa Juni au Julai inaweza kuwa na nyuzi 12 au 13. Kwa lita 100 weka hita mbili za wati 100, usiweke moja ya 200. Moja ikifa nyingine inapunguza kasi ya kupoa, na moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwachemsha samaki haraka.

Sasa betri. Chukua betri ya sola ya Ah 100, volti 12. Ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, unapata kama saa-wati 600. Hita zote mbili zikiwaka mfululizo zinaimaliza ndani ya saa tatu. Pampu ya kuzungusha maji ya wati 10 inaweza kwenda siku mbili hivi kwa betri hiyohiyo. Kwa hiyo umeme ukikatika, betri ihudumie pampu, na joto ulilinde kwa blanketi zito pande zote za kioo, ukiacha juu pawe na upenyo wa hewa.

Hewa naisisitiza kwa sababu tupo juu. Kwenye mita 1,700 shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Dar, na oksijeni inayoyeyuka kwenye maji inapungua kwa uwiano huohuo. Maji yakisimama, samaki watakosa pumzi kabla baridi haijawafikia. Elekeza pampu juu, uso wa maji uwe unatikisika muda wote.

Kwa hesabu hiyo njia ya tatu mimi naifuta. Acropora anataka joto, mwanga na madini visibadilike kabisa. Matumbawe laini yakipoa polepole hadi nyuzi 22 kwa saa chache yananywea, joto likirudi yanafunguka.

MvuviMatema
Mimi nauliza kwa nia njema, kwa nini chumvi? Ziwa Nyasa lipo hapo chini Kyela. Mbuna wa ziwani wana rangi za bluu na njano zisizopungua za baharini, watu wa Ulaya wanawaagiza kwa gharama kubwa. Maji yao hayahitaji chumvi, na siku ukikwama unashuka Matema unarudi siku hiyohiyo.

NuruYaUyole
Kaka, nawaheshimu sana mbuna, na kama nia ingekuwa samaki peke yake ningekufuata. Ila ninachokitaka ni matumbawe, kuona kitu kinachodhaniwa jiwe kikifungua mikono asubuhi. Halafu mbuna nao ni wagomvi, nimesoma kwamba lita 100 ni finyu kwao.

MvuviMatema
Hapo sina neno. Kwa mbuna ningekuambia uanzie lita 200.

DadaWaMakambako
Habari zenu. Mimi nawakumbusha maji, maana wengi wanafikiria kusomba madumu ya maji ya bahari kutoka Dar. Ni zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, na maji yaliyochotwa karibu na ufukwe wa jiji hujui yamebeba nini. Nunua chumvi ya akwariamu, siyo ya jikoni. Lita moja inahitaji kama gramu 35. Ukibadilisha lita 10 kila wiki, mfuko wa kilo 20 unakupitisha zaidi ya mwaka.

Maji ya kuchanganyia yawe yamepita kwenye mashine ya kuchuja ya RO, ile inayoondoa karibu kila kitu kilichoyeyuka kwenye maji. Mvua tunayo, lakini ikipita kwenye bati inaokota zinki, na zinki na shaba ni sumu kwa kamba na matumbawe. Halafu kiangazi cha Agosti hadi Oktoba hewa ya huku ni kavu, maji yanapungua haraka. Yakipungua jazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki palepale.

Kwa njia ya pili, mimi ningeweka matumbawe laini haya: Sarcophyton mmoja, yule wa umbo la uyoga mkubwa, Discosoma, wale bapa kama visahani, kwenye kivuli, na zoantha, wale wadogo kama vifungo wanaokaa kwa makundi, sehemu ya kati. Sarcophyton anatoa kemikali zinazodumaza majirani, kwa hiyo weka mkaa wa kuchujia na uubadilishe kila mwezi. Ukitamani Euphyllia, yule wa mikono mirefu inayopepea, muachie sentimita 15 kila upande; usiku anarefusha mikono na kuwachoma wenzake. Na kwa kuwa kuna mtoto nyumbani: baadhi ya zoantha wana sumu kali. Vaa glavu, na jiwe lenye zoantha usilichemshe kamwe, hata kwa nia ya kulisafisha.

MzamiajiMafia
Naongezea kuhusu kupata. Usikubali matumbawe ya mtu aliyeyabandua mwambani. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ni kosa, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Nazama huku na naona kipande kilichovunjwa kinavyochukua miaka kurudi. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

NuruYaUyole
Ndaga fijo wakuu. Ni njia ya pili. Klauni wawili, na wengine wawili sijaamua. Nani aingie kwanza?

MzamiajiMafia
Hao wawili wawe gobi wa njano na grama wa zambarau. Gobi anakaa chini, grama anakaa kwenye mapango ya mawe, klauni wanabaki juu, hawagombanii sehemu. Gobi mpatie na kamba wake mchimbaji. Kamba huyo haoni vizuri, anachimba shimo huku kipapasio chake kimoja kikigusa mwili wa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili wanazama ndani. Mwanao atasahau kangaja.

Kabla ya yote liache tangi wiki nne hadi sita na mawe yake bila samaki, mpaka vipimo vya amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu unaooza, vyote visome sifuri. Kisha konokono wa kula mwani, matumbawe, gobi na kamba wake, grama, na klauni mwisho kabisa, kwa sababu wakitangulia watalihesabu tangi zima kuwa lao. Acha wiki mbili tatu kati ya kila wageni. Na mawe yakae juu ya kioo chenyewe kabla hujamwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake na yatamwangukia.