Taasisi ni jengo, ni watu au ni kanuni?

Mdadisi: Wakuu, naomba ufafanuzi. Benki kuu inaitwa taasisi, ndoa nayo taasisi. Zinafanana wapi? Na mbona sheria nyingine hupitishwa vizuri kabisa, kisha hakuna anayezifuata?

Mzani: Douglass North, mshindi wa Nobel ya uchumi 1993, alitenganisha hivi: taasisi ni kanuni za mchezo, mashirika ni timu. Ndoa ni kanuni: nani anarithi, nani anawajibika kwa watoto. Benki kuu ni timu. Taasisi iliyo nyuma yake ni kanuni zinazofanya noti ipokewe na kila mtu. (Lugha ya mitaani huziita zote mbili taasisi, ndiyo maana tunachanganyikiwa.)

Kazi kubwa ya taasisi ni kupunguza kubahatisha. Uswidi ilihama kuendesha kushoto ikaenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri, nchi nzima kwa mpigo. Kinachookoa maisha ni kujua mwenzako atapita upande gani, uwe wa kulia au wa kushoto.

Shubaka: Kuhusu sheria zisizofuatwa, uliza kwanza: nani anaona kosa, na anapata nini akilisema? Elinor Ostrom, Nobel 2009, alichambua kijiji cha Törbel, Uswisi. Kanuni ya 1517 ilisema usipeleke malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha majira ya baridi. Hesabu rahisi, haina ubishi. Msimamizi aliyetoza faini aliruhusiwa kubaki na nusu yake.

Sheria nyingi hufia hapo: kosa halipimiki, au anayelisimamia hana faida wala hasara. Nyingine hufa kwa ukali wake. Kosa la kwanza likimfilisi mtu, majirani humfichia. Adhabu ianze ndogo, ipande kwa anayerudia.

Mdadisi: Huyo wa nusu ya faini si atabambikia watu makosa?

Shubaka: Atajaribu, ndiyo. Kwa hiyo pima kitu ambacho mshtakiwa naye anaweza kukihesabu mbele ya wenzake.

Mzani: Na usikilizaji uwe hadharani. Mahakama ya Maji ya Valencia, Hispania, hukaa Alhamisi mchana mlangoni pa kanisa kuu: mashauri ni ya mdomo, mawakili hawamo, na waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na watumiaji wenzao wa mifereji. Anayeonea anajulikana shamba lake.