Mmeandika "KISA CHA KWELI" halafu Waingereza ndio wanaizamisha meli yetu?

Wakuu, tangu Jumamosi usiku nina hasira ambayo haijashuka. Acha niiteme hapa.

Nilikwenda kibanda umiza hapa Mwanga, Kigoma, na kijana wangu wa kidato cha pili, kuangalia muvi ya hii meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba. Mwanzo kabisa yanatokea maandishi makubwa: KISA CHA KWELI. Nikamwambia dogo tulia, leo utayaona aliyokuwa anasimulia babu yako. Marehemu mzee wangu alitumika chumba cha injini cha Liemba mpaka anastaafu.

Tukafika mwisho. Boti ya Waingereza inaibuka gizani, stelingi mzungu anafyatua mzinga, meli inapasuka katikati, kibanda kizima makofi. Nilitoka nje.

Hakuna Mwingereza aliyeizamisha Goetzen, jina la Liemba enzi za Mjerumani! Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipokuwa wanaukaribia mji. Na hawakuizamisha hovyo. Mafundi waliokuja nayo kutoka kwao walizipaka injini grisi nzito kwanza, maana walikuwa na nia ya kurudi kuichukua. Hebu iwazeni picha hiyo. Mtu kaisindikiza meli ikiwa vipande vipande ndani ya makasha kama 5,000, kutoka Papenburg mpaka Dar, kutoka Dar kwa treni kuja huku, kaiunga upya hapa hapa, ikashushwa majini 1915. Mwaka unaofuata ndiye yeye anaipaka grisi na kuifungulia maji izame. Mlipuko wa nini tena hapo?

Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaiinua 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini. Ile grisi ndiyo iliyomsomesha mtoto wa mtu wa chumba cha injini, yaani mimi. Prodyuza kaitupa, kaweka moto wa kompyuta.

Kuna watakaokuja kuniambia Waingereza walipigana ziwani. Ndiyo, walipigana. Boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilivutwa nchi kavu kupitia Kongo, zikaiteka Kingani Desemba 1915, zikaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Hizo ni meli nyingine kabisa za Wajerumani. Hata ndege za Wabelgiji zilizokuja kudondosha mabomu bandarini Juni 1916 hazikuizamisha Goetzen.

Halafu mwaka 1915 watu kwenye muvi wanaiita "Liemba"! Jina hilo ilipewa na Waingereza, 1927. Mji unapotekwa inapandishwa bendera ya Uingereza, wakati walioingia Kigoma 1916 ni Wabelgiji, wakakaa miaka. Na wale vibarua wetu na mafundi Wahindi walioiunga? Wanapita nyuma ya mzungu kama dakika moja, hawana jina, hawana hata sentensi moja ya kusema. Hili limeniuma kuliko bendera.

Sijakataza kubuni. Mapenzi ya stelingi na binti wa Ujiji, buni. Maneno waliyoambiana usiku ule wa kuizamisha, buni, maana hakuna aliyeyaandika. Lakini nani aliizamisha na nani aliuteka mji, hayo si yako kuyagawa unavyotaka ukishaandika kisa cha kweli. Ungeandika hadithi ya kubuni, nisingefungua uzi huu.

Tunarudi nyumbani dogo kimya. Karibu na mlango ananiuliza: "Baba, kwa hiyo babu alikuwa anatudanganya?" Mzee yuko kaburini, hawezi kuja kujitetea. Nilikaa naye mpaka saa sita usiku namweleza, na sina hakika ameniamini mimi au ameiamini ile boti.

Najua walioitengeneza mpo humu. Futeni yale maandishi ya mwanzo kabla hamjaanza kuizungusha mashuleni.